Alphard yangu, sensa tatu na fundi wa chini ya mwarobaini

Nianze na hela, maana najua wengi ndicho mnachokitafuta mkifungua maoni ya namna hii. Fundi umeme wa magari huyu wa Ngamiani amenichaji shilingi 85,000: kupima, waya, kazi, vyote humo. Kabla sijafika kwake nilikuwa nimeshaacha 380,000 kwenye gereji nyingine hapa hapa Tanga. Hiyo siitaji, mwenyewe tunaswali msikiti mmoja, na binti yake nilimpigia muziki siku ya harusi. Ila nilitoka pale na taa ya cheki injini ikiwaka vilevile kama nilivyoingia.

Kazi yangu ni mitambo ya muziki. Harusi, maulidi, mahafali ya shule, kampeni msimu wake ukifika. Gari ni Toyota Alphard ya 2005, silinda nne, injini ya 2AZ. Nimeng'oa viti vya nyuma nikapakia spika. Gari ya kubebea maharusi imegeuka punda wa mabesi. Ilikuwa haijawahi kulalamika mpaka safari ya Lushoto mwezi wa tano.

Mnaoijua barabara ya kutoka Mombo hamhitaji kuhadithiwa. Ni kilomita 33 za kona na mlima, ukuta upande huu, bonde upande ule. Nilikuwa na besi nne, amplifaya, jenereta na vijana wangu wawili. Mlima ulipokolea tu taa ya njano ikawaka, na gari ikalegea ghafla kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Nakanyaga mafuta, mlio upo, mwendo haupo. Coaster ya abiria ikatupita kwenye kona, konda akatupungia mkono. Tukasimama Soni, vijana wakanunua plamsi, mimi nikazima gari na kufungua boneti kuitazama injini, kama kwamba nikiitazama itaniambia kitu. Baada ya dakika ishirini nikawasha. Nguvu imerudi yote! Tukapanda kilomita chache, ikalegea tena. Nikazima, nikawasha, ikarudi. Tukafika hivyo hivyo kwa mafungu, na pilau ya harusi tulikuta masufuria yanaoshwa.

Hilo la kuzima na kuwasha, nguvu ikarudi, nililisema kwenye gereji ya kwanza mara tatu. Hakuna aliyelishika.

Pale walichomeka mashine, kijana akasoma namba ya kosa kwenye kioo: P0325. Akaniangalia kwa huruma. "Kaka, hii ni noki. Injini yako inataka kunoki. Kama kuna mtu anaitaka, muuzie sasa hivi." Siku ile nilipita benki kabla ya kurudi nyumbani, kuangalia tu kilichomo, na usingizi sikuupata.

Hapa lugha yetu ya gereji inatuponza. Sisi tukisema injini imenoki tunamaanisha imekufa: beringi za krenki zimelika, chuma kinagonga chuma, tafuta injini nyingine. Noki ya P0325 ni habari nyingine. Ni petroli na hewa kulipuka zenyewe ndani ya silinda kwa joto na mgandamizo, kwenye pembe ambayo moto wa plagi bado haujaifikia. Mlipuko ule unatoa mlio mkali wa kugonga, na ukiachiwa muda mrefu unaweza kweli kutoboa pistoni. Ndiyo maana kwenye bloku ya injini kumefungwa kitu cha kusikiliza, ndiyo sensa ya noki. Kikisikia kugonga, kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, inachelewesha cheche kidogo, mlio unakatika, safari inaendelea. Na P0325 haisemi hata kwamba injini inagonga! Inasema njia ya yule msikilizaji ina kasoro: sensa yenyewe, au waya, au soketi, au kontroboksi. Yaani maiki haisikiki kwenye mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti. Katika kazi yangu maiki isiposikika hakuna anayetangaza kwamba mwimbaji amekufa.

Lakini haya nimeyajua baadaye, chini ya mwarobaini. Wakati ule nilikuwa mteja tu mwenye hofu, na mteja mwenye hofu analipa. Mashine 30,000. Kesho yake maneno yakabadilika: injini nzima, sensa ndiyo mbovu. Sensa ya mtumba 70,000, kuifunga 50,000, kwa sababu iko chini ya manifoldi ya kuingizia hewa na mkono hauendi kirahisi. Taa ikazima. Siku ya nne, natoka Muheza na mzigo, ikawaka. Nikarudi. "Za mtumba ni bahati nasibu, kaka. Weka mpya." Mpya 190,000, kuifunga 40,000, wakaniambia wamenipunguzia. Taa ikakaa kimya wiki moja na siku mbili. Ilipowaka tena nilikuwa barabara ya Pangani, na kwenye simu nikaambiwa sasa itakuwa kontroboksi, nijiandae na 600,000.

Sikujiandaa. Kitu kimoja nilichofanya cha akili katika muda wote huo ni kudai sensa zangu za zamani. Nilikuwa nazo kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya droo ya dashibodi.

Fundi huyu niliambiwa na dereva mmoja wa Hiace za Pangani. Hana kibao. Yuko Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu za namba, za juu juu. Ukiuliza fundi umeme mzee wa chini ya mwarobaini, mtoto yeyote mwenye baiskeli atakupeleka. Kuna mwarobaini, benchi, kabati la bati, meza yenye vaisi, na betri kama kumi zilizopangwa mstari kama wagonjwa wa hospitali ya Bombo. Mwenyewe ni mtu wa miaka sitini hivi, kofia ya kiua, miwani iliyofungwa kamba. Haongei sana. Ana kijana mmoja wa kumsaidia, naye haongei kabisa.

Nilifika na mfuko wangu nikaanza kueleza. Akaninyamazisha kwa mkono, taratibu tu, akaniuliza yeye. Taa inawaka injini ikiwa ya moto au ya baridi? Ya moto. Mvua inahusika? Hapana. Gari iliwahi kufunguliwa upande wa mbele, chini, kwa jambo lolote, miaka miwili mitatu hii? Nikafikiri. Mwaka juzi stata, mota ya kuwashia injini, ilikufa nikiwa Segera usiku, fundi wa barabarani akaishusha na kuirudisha. Akatikisa kichwa kidogo. Ukiizima na kuiwasha, nguvu inarudi?

Wallahi nilitaka kumbusu mkono. Nikamwambia inarudi, tena nimewaambia watu. Ndipo akanifafanulia, maneno ya dakika moja: kontroboksi ya Toyota ikipoteza mawasiliano na sensa hii haikai kubahatisha, inachelewesha cheche mpaka mwisho wa kiwango ili injini isije ikagonga bila mtu wa kusikia. Ndiyo ile kulegea mlimani, na ndiyo mafuta kuliwa zaidi. Inabaki hivyo mpaka uzime swichi. Ukiwasha inajaribu upya, na ikikuta waya umegusana, nguvu zote hizo.

"Waya?" nikamuuliza.

"Sijasema waya, mdogo wangu. Bado sijapima."

Akachukua mfuko wangu. Akaweka zile sensa mbili mezani, akafuta vichwa vya pini kwa kitambaa, akachukua mita yake ya njano iliyofungwa mpira wa baiskeli, akapima ya kwanza, ile iliyozaliwa na gari. Kilo-omu 204 za ukinzani wa umeme. Akapima ya mtumba. 197. Akanieleza kwamba sensa hizi za bapa, zenye tundu katikati na pini mbili, zina rezista ndani yake, na ikiwa nzima katika nyuzi joto kama 20 inatakiwa isome kati ya 120 na 280. Jua la Tanga linaongeza nyuzi kadhaa, lakini si za kuigeuza nzima kuwa mbovu. Kwa hiyo sensa ya kwanza kabisa niliyoambiwa imekufa ilikuwa hai. Ya mtumba nayo hai. Nilikaa kwenye benchi nikaagiza kahawa.

Halafu akafanya kitu ambacho kwangu ndicho cha kumpa nyota. Hakugusa manifoldi. Alianzia mwisho wa pili wa waya, kwenye soketi ya kontroboksi. Akaichomoa, akatafuta pini mbili za sensa ya noki, akapima hapo. Mantiki yake ni hii: kama waya mzima, rezista ya sensa lazima ionekane mpaka huku, kama ambavyo mimi nikitaka kujua laini ya maiki imekatika sipandi jukwaani, napimia kwenye mikisa. Mita ikasoma 211. Sensa nzima, waya mzima, kila kitu kizima. Nikamwangalia. Naye akaniangalia juu ya miwani.

"Ya moto au ya baridi?" akasema.

Akarudisha soketi, akamwambia kijana awashe gari aiache iungurume. Tukakaa. Feni ikazunguka, ikakata, ikazunguka tena. Joto la mchana wa Tanga na la injini vikashirikiana. Karibu dakika arobaini. Akazima, akachomoa soketi tena haraka, akaweka zile sindano za mita, na kile kioo kidogo kikaandika OL. Maana yake njia imekatika, hakuna mwisho.

Kijana akaingiza mkono chini ya boneti bila kuambiwa. "Tikisa," mzee akasema, macho kwenye mita. "Shuka. Shuka. Usivute, tikisa. Kulia kwako." OL, OL, OL. "Hapo." 209. "Achia." OL. "Shika." 208. Kijana alikuwa ameshika waya karibu na stata.

Nimefanya kazi na nyaya miaka kumi na tisa, na nilijisikia aibu. Hiyo ndiyo namna ninayotafutia waya mbovu wa maiki kila Ijumaa kabla ya harusi: unautikisa huku umesikiliza. Gari tu ndiyo ilinifanya nisahau.

Wakaichimba ile sehemu. Mzee akanipa tochi nimulike, maana aliona nataka kuona. Chini ya stata, pale wayaringi unapopinda, kulikuwa na uvimbe wa tepu nyeusi kama wa kidole gumba. Alipoukata kwa wembe, tepu ilikuwa imeyeyuka na kuvutika kama ulimbo wa fenesi. Ndani yake, fundi wa Segera alikuwa amekata waya wa sensa, sijui kwa bahati mbaya au ulimzuia, akaunga kwa kipande cha waya wa kawaida wa taa, shibiri moja hivi, kwa kusokota mkono. Hakuna risasi ya kuchomelea, hakuna chochote. Shaba imekuwa ya kijani. Upepo wetu wa bahari unakula hata misumari ya mlango, waya mwembamba namna hiyo unauonea tu. Katika nyuzi zote, uzi mmoja ndio uliokuwa bado unagusa, injini ikiwa baridi. Ikipata moto, vitu vinatanuka, unaachia.

Na kulikuwa na la pili, ambalo mzee alinionyesha kwa ncha ya wembe bila kusema neno. Waya wa sensa hii ni kama waya wa maiki hasa: nyuzi katikati, na wavu wa shaba umezizungushia kwa nje. Fundi wa Segera aliunga za katikati, wavu akaukata na kuuacha ukining'inia. Mwenye kazi kama yangu anajua maana yake. Wavu ule ndio unaozuia takataka za umeme kuingia kwenye sauti. Ukikatika, kwenye spika unasikia mvumo, redio ya watu, na simu ya bwana harusi ikiita. Ndani ya injini takataka zinatoka kwenye koili za plagi na altaneta, hatua chache tu pembeni. Kwa maana hiyo hata siku ambazo taa ilikuwa imezima, kontroboksi ilikuwa inasikiliza injini kupitia laini chafu.

Hapo mdomo wa mzee ukafunguka kidogo, labda kwa kuwa aliona naelewa. Akaniambia ndani ya sensa kuna kipande cha fuwele. Ukikitikisa kinatoa umeme mdogo, kama kile cha kiberiti cha jiko la gesi kinachopiga cheche ukibonyeza, ila huku umeme wenyewe ni mdogo mno. Nikamwambia twita zangu, zile spika ndogo za sauti kali, za bei nafuu ndani yake mna kitu hicho hicho, kinafanya kinyume: unakipa umeme, kinatikisika. Hii ya Toyota inasikiliza kuanzia kama kilohezi 6 mpaka 15. Hilo nililishika haraka. Kwenye mikisa yangu, kuanzia sita kwenda juu ndiko zinakokaa zile "sss" za waimbaji wa taarab wanaoumeza maiki, na matoazi ya ngoma. Fikiria mtu anayetakiwa kusikia "sss" moja katikati ya silinda nne zinazolipuka, altaneta, pampu, feni na mabesi yangu manne. Halafu mmempa waya wa taa.

Nikaona nami nichangie. Nina roli nzima ya waya wa maiki, wa wavu mzuri, nikamwambia nakuletea sasa hivi bure. Akaupokea, akakata kipande cha inchi moja, akakisogeza kwenye ncha ya chuma chake cha kuchomea risasi. Ganda likalainika na kutiririka. "Wako ni wa jukwaani," akasema, akanirudishia. Akafungua kabati la bati, akatoa wayaringi mzima uliokatwa kwenye injini ya Toyota iliyokufa, akauchambua kama mtu anayechambua mchicha, akatoa waya wa sensa ya noki wenyewe, wa ganda la kuvumilia joto, na soketi yake juu.

Aliuunga kwa risasi kila uzi, akavisha mpira ule unaosinyaa kwa moto, wavu akauunganisha na kuufikisha kwenye ardhi upande wa kontroboksi tu. Kwa nini upande mmoja? Sikuuliza; ukiufunga pande mbili unajitengenezea mvumo mwingine, hilo mitambo ilishanifundisha kwa gharama. Akaupitisha waya mpya mbali na stata na kuufunga kwa klipu mbili. Kabla ya kuchomeka sensa akaweka swichi na kupima soketi: volti 4.9. Inatakiwa iwe kati ya 4.5 na 5.5. "Kontroboksi yako nzima," akasema. Hapo nikaokoa 600,000.

Ingeishia hapo ningetoka siku hiyo hiyo. Wenyewe tunajisifu Tanga waja leo, waondoka leo; gari yangu iliingia Jumatatu ikatoka Alhamisi. Sababu ni kioo kidogo cha kunyolea ndevu. Mzee alikiingiza kule chini kuangalia sensa mpya ilivyofungwa, akakaa kimya muda mrefu, kisha akanipa mimi nitazame. Chini ya sensa, kati yake na bloku, wale wa gereji ya kwanza waliweka washa ya kufungia. Na juu yake wakapaka silikoni, ile nyekundu, kama wanaziba bomba la choo. Sensa hii inatakiwa ilale chuma kwa chuma, uso safi, bila kitu katikati, na nati yake ikazwe kwa nguvu inayopimwa, Nm (newton-mita) 20. Ukikaza mno au ukilegeza, inasikia vingine. Mimi mtu akinifungia maiki ndani ya kitambaa ndivyo ninavyoitwa mbovu wa mitambo.

Kwa hiyo manifoldi ikafunguliwa, mara ya tatu kwa miezi miwili. Siku ya pili ilikwenda yote. Spana ya kupimia nguvu hana. Kijana alitumwa kuiazima kwa jirani anayefunga injini, jirani hakuwepo, ikaja asubuhi ya tatu. Wengine wangekaza kwa mkono na mimi nisingejua.

Sensa aliyoirudisha ni ile ya kwanza, ya gari yenyewe. Mpya ya 190,000 aliipima pia, nayo ikasoma vizuri, lakini akaligeuza boksi lake huku na huku akitafuta alama ya aliyeitengeneza, hakuiona. "Zote zinaongea," akasema, "ila hii ndiyo wanayozoeana."

Jaribio lake nalo lilinifurahisha. Alifuta ile namba ya kosa, akachomeka kimashine chake kidogo cha kichina, akafungua ukurasa unaoonyesha cheche inapigwa digrii ngapi kabla pistoni haijafika juu. Injini ikiwa inaunguruma juu kidogo ya sailensa, yaani mzunguko wake gari ikiwa imesimama, kijana akagonga bloku karibu na sensa kwa kipande cha shaba, nyepesi nyepesi. Tarakimu zikashuka. Akaacha, zikapanda. Akagonga, zikashuka. Niliomba nigonge mimi. Nikagonga kama mara kumi, mpaka mzee akaninyang'anya ile shaba.

Sasa niseme na mabaya yake, nisije nikaonekana nimelipwa. Bei haitajwi mapema. Ukiuliza unajibiwa "tutaelewana", na mtu mwenye roho nyepesi siku tatu zile atazipitisha vibaya. "Kesho asubuhi" yake ni baada ya adhuhuri. Ijumaa ikifika saa tano anafunga, na simu anaifunga pamoja na kabati. Risiti hana kabisa, kwa hiyo wenye magari ya ofisi mtapata tabu kwa mhasibu. Kivuli cha mwarobaini kinatosha watu watatu, wateja wa nne na kuendelea mnakaa juani. Kijana wake aliacha alama ya mkono wa grisi kwenye kitambaa cha kiti cha dereva, vidole vitano kamili, na haijatoka mpaka leo. Na mashine yake hiyo ndogo haisomi kila gari. Jamaa mmoja wa Subaru aliambiwa pale pale mbele yangu, kwa heshima, atafute mwingine. Hilo la mwisho kwangu si baya sana.

Pia msiende kwake na haraka ya kubadilisha vitu. Alikuja kijana mmoja mwenye Toyota IST, ameshanunua koili nne anataka zifungwe tu. Mzee akamuuliza nani kakwambia koili. "Nimeona mtandaoni." Akamwambia akae kwenye benchi. Nilipoondoka alikuwa bado amekaa, koili ziko mapajani.

Nampa nyota nne. Ya tano imekwenda na kile kiti.

Mwezi wa nane nilipata kazi nyingine Lushoto, familia ile ile, mdogo wake bwana harusi wa kwanza. Mzigo ule ule, na besi moja ya ziada. Kutoka Mombo nilizima redio ili niisikilize injini. Vijana wakashangaa, maana mimi kukaa ndani ya gari bila muziki hawajawahi kuona. Soni tulisimama, lakini kwa ajili ya plamsi tu, na gari sikuizima. Mafuta yaliyonifikisha safari hii ni pungufu kwa karibu lita tano kuliko ile ya mwezi wa tano. Pilau tuliikuta ya moto.

Sensa mbili bado ninazo kwenye droo ya dashibodi, ndani ya mfuko wao ule ule. Nzima zote mbili.